Niachieni muoni inayosimama

Kila muoni, zile chembe ndogo za ukoo wa elektroni, zinapotajwa kwenye kundi letu la WhatsApp la walimu wa fizikia wa pwani, hazipiti dakika tano kabla mtu hajaleta habari za piramidi. Mwaka 2017 wanasayansi wa mradi wa ScanPyramids walitangaza kwamba wameona uwazi mkubwa ndani ya piramidi ya Khufu kule Giza, wenye urefu usiopungua mita 30, na hawakutoboa hata jiwe moja. Waliweka vigunduzi, wakahesabu muoni zinazoshuka kutoka angani. Penye mawe mengi hupenya chache, penye uwazi hupenya nyingi. Mwaka 2023 wakathibitisha ujia mwingine upande wa kaskazini, mita 9 hivi. Habari tamu, picha nzuri, wanafunzi wangu huipenda na mimi huwaonyesha.

Sina ugomvi na piramidi. Lakini muoni inayopenya jiwe ikatokea upande wa pili inakupa habari moja tu: hapa katikati palikuwa na vitu vingi, au vichache. Basi. Mapenzi yangu mimi yako kwa ile inayosimama. Inaingia ndani ya kipande cha metali au fuwele, inaishiwa mbio, inakaa baina ya atomu, inaishi pale maisha yake mafupi, na kwa namna inavyokufa unajua mahali pale palikuwaje. Hiyo haitangazwi kwenye runinga, na ndiyo ninayoiandikia leo.

Kwanza ni kitu gani hasa. Muoni ni wa ukoo mmoja na elektroni: chaji ya kiwango kilekile, spini (kule kujizungusha kwake kwa asili) ileile, ila uzito ni mara 207. Kuna chanya na kuna hasi. Carl Anderson na Seth Neddermeyer waliigundua mwaka 1936 huko California wakichunguza miale ya kosmiki, ile inayotufikia kutoka anga za mbali, na hakuna aliyekuwa akiitazamia. Mwanafizikia Isidor Rabi anakumbukwa hadi leo kwa kuuliza ni nani aliyeagiza kitu hiki. Umri wake wa wastani ni mikrosekunde 2.2, halafu imevunjika. Hata hivyo zinatufikia: ukikaa barazani Mkomani, hapa Lamu, ukakunjua kiganja, inakipitia moja au mbili kila sekunde. Hizo za angani zina mbio mno na hazina mpango. Kwa kazi ninayoizungumzia, muoni hutengenezwa.

Huchukuliwa protoni zilizotiwa mbio ndani ya mashine kubwa, zikapigizwa kwenye kipande cha grafiti, zikatoka pioni, chembe nyingine za maisha mafupi. Pioni hudumu nanosekunde 26 kwa wastani, kisha huvunjika ikatoa muoni na nyutrino, chembe isiyo na chaji na nyepesi mno. Hapa ndipo penye uhondo. Nyutrino huzaliwa kila mara na spini iliyoelekea kinyume cha mwendo wake, haibadiliki. Pioni yenyewe haina spini. Basi ili hesabu ilingane, muoni chanya nayo hulazimika kuzaliwa spini yake ikiwa kinyume cha mwendo. Ukizikusanya zile zinazotoka kwenye pioni zilizotulia karibu na uso wa grafiti, unapata mwale wa muoni ambazo karibu zote zimeelekeza spini upande mmoja. Bila sumaku ya kuzipanga, bila baridi. Anayejua mashine za MRI za hospitali ataona maajabu ya jambo hili: ndani ya sumaku ile kubwa, protoni za mwilini zinazopangika zaidi upande mmoja kuliko mwingine ni chache tu katika kila milioni. Muoni huja zimeshapangwa na maumbile.

Mwale huo una nguvu ndogo, megaelektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) 4 hivi kwa kila muoni, kwa hiyo ndani ya metali zinasimama kabla hazijamaliza milimita moja. Na muoni ni sumaku ndogo. Ikiwa pale ilipokaa pana uga wa sumaku, spini yake huzunguka kama pia inayoyumba kabla ya kuanguka, mara milioni 135.5 kwa sekunde kwa kila tesla moja ya uga. Kisha inavunjika na kutoa positroni, yaani elektroni yenye chaji chanya, na positroni hupendelea kutoka upande ule spini ilikoelekea dakika ile ya mwisho. Nasema hupendelea, haitoki huko kila mara. Sampuli imezungukwa na vigunduzi, na kompyuta inaandika: muoni imeingia saa hii, positroni imetoka saa hii, kwa upande huu. Moja haina maana. Ukikusanya milioni kadhaa ukachora grafu, linatokea wimbi: mbele panapanda, nyuma panashuka, kisha kinyume chake. Kasi ya wimbi ndiyo nguvu ya uga ndani ya fuwele, mahali penyewe muoni ilipokaa. Namna linavyofifia inaonyesha kama uga ule ni mmoja kila mahali au umetawanyika, na kama umetulia au unatikisika.

Muoni huhisi uga mdogo kuliko ule wa dunia unaogeuza dira za manahodha wetu. Na inafanya kazi hata pasipo sumaku yoyote ya nje, jambo ambalo mashine za kupima viini vya atomu kwa mawimbi ya redio kwa kawaida haziliwezi. Ndiyo sababu mtu akiwa na kitu ambacho sumaku yake ni dhaifu hata vipimo vya nyutroni havioni kitu, hukimbilia kwenye muoni.

Chanzo cha haya yote ni wikendi moja ya Januari 1957. Mwaka mmoja kabla, Tsung-Dao Lee na Chen-Ning Yang walikuwa wameuliza kama kweli maumbile hayabagui kulia na kushoto. Chien-Shiung Wu akalijaribu swali kwa kobalti, na habari za matokeo yake zikavuma Chuo Kikuu cha Columbia kabla hazijachapishwa. Leon Lederman na Richard Garwin walizisikia, wakaenda zao maabara ya Nevis, nje kidogo ya New York, wakavichukua vifaa ambavyo mwanafunzi Marcel Weinrich alikuwa amevipanga kwa utafiti wake mwenyewe, wakavigeuza matumizi. Walisimamisha muoni ndani ya kaboni, wakazungusha spini zake kwa uga wa koili waliyoifunga wenyewe, wakahesabu positroni. Siku chache tu, na kulia na kushoto vikawa si sawa tena. Lee na Yang walipata Nobel mwaka huohuo. Bi Wu hakupata, na hilo nitaliandikia siku yake kwa sababu nikianza sasa sitarudi kwenye muoni.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba katika karatasi yao fupi ya 1957 Garwin, Lederman na Weinrich walishaandika kwamba muoni hizi huenda zikawa chombo chenye nguvu cha kuchunguza uga wa sumaku ndani ya viini, ndani ya atomu na baina ya atomu. Watu walikuwa wametoka kuvunja sheria iliyoaminiwa na kila mtu, na bado walipata nafasi ya kusema: halafu, kitu hiki kitafaa pia kwa kazi nyingine. Fani nzima imekua ndani ya sentensi ile.

Mimi muoni niliingizwa nayo na oksidi ya zinki. Ndiyo, ule unga mweupe uliomo kwenye dawa ya kalamini tunayowapaka watoto wakitoka vipele vya joto. Kazi yangu ya shahada ya uzamili ilikuwa kutengeneza tabaka nyembamba za oksidi hiyo kwa ajili ya seli za jua. Unayeyusha asetati ya zinki, unaipuliza kidogo kidogo juu ya kioo kilichopashwa moto hadi nyuzi 400 hivi, chumba kizima kinanuka siki, na kioo kinaanza kugeuka rangi: zambarau, buluu, manjano, kijani, kadiri tabaka linavyoongezeka. Kwa rangi peke yake nilikuwa najua limefika unene gani. Lakini kulikuwa na jambo lililonikera, na lilikuwa limewakera watu kabla yangu kwa miongo. Oksidi ya zinki hupitisha umeme kwa elektroni hata kama hukutia kitu chochote cha kuipa elektroni. Isafishe utakavyo, bado. Vitabu vya zamani viliilaumu oksijeni iliyopungua, au atomu za zinki zilizokaa pasipo mahali pake.

Mwaka 2000 Chris Van de Walle alipiga hesabu akasema mshukiwa ni hidrojeni. Katika vitu vingi vya jamii hii, yaani vinavyopitisha umeme kiasi, hidrojeni huzima umeme. Katika oksidi ya zinki, alisema, huuongeza siku zote. Na hidrojeni iko kila mahali, kwenye maji, kwenye hewa, kwenye dawa unazopulizia. Tatizo ni kuiona. Ni nyepesi mno kwa eksrei, na kiasi chake ndani ya fuwele ni kidogo mno.

Hapo muoni chanya ikaingia kazini. Ikisimama ndani ya kitu kisichokuwa metali, mara nyingi huokota elektroni moja, na hapo umepata atomu ambayo kiini chake ni muoni mahali pa protoni. Inaitwa muoniamu, Vernon Hughes na wenzake waliitambua kwa mara ya kwanza mwaka 1960. Uzito wake ni kama moja ya tisa ya hidrojeni, lakini ukubwa ni karibu uleule, na elektroni yake haioni tofauti kubwa. Kwa hiyo huhitaji kuitafuta hidrojeni iliyojificha. Unaingiza muoni zako, zinakwenda kukaa mahali hidrojeni ingekaa, na zinajitangaza zenyewe zinapovunjika. Mwaka 2001 ilichapishwa kazi ya kundi lililofanya hivyo ndani ya oksidi ya zinki kwenye baridi kali: walikuta elektroni imeshikiliwa kwa ulegevu, imetawanyika mbali na muoni, na ukiipasha joto kidogo inaachiliwa. Yaani hidrojeni mahali pale ni mtoaji wa elektroni. Van de Walle alikuwa sahihi.

Niliisoma karatasi ile miaka mingi baada ya kuchapishwa, usiku, na nikakasirika kwamba hakuna aliyeniambia mapema. Kasoro ziko pia, niseme ukweli: muoni ni nyepesi kuliko protoni, hutikisika zaidi pale ilipokaa, na haiishi muda wa kutosha kuhamahama kama hidrojeni ihamavyo. Inakuonyesha hidrojeni inapokaa na elektroni yake ilivyo. Safari ya hidrojeni ndani ya fuwele haikuonyeshi vizuri.

Halafu kuna jambo la unene. Tabaka zangu zilikuwa za nanomita mia mbili, mia tatu. Muoni ya kawaida ingezipita zote isijue kama zilikuwepo, ikaenda kusimama kwenye kioo. Taasisi ya Paul Scherrer, kijijini Villigen, Uswisi, wanao ufumbuzi: wanaupitisha mwale kwenye utando wa gesi iliyogandishwa, argoni kwa mfano, muoni chache zinatoka zikiwa karibu zimepoa kabisa, kisha wanazipa mbio wanazotaka wao. Ukiongeza volti zinaingia ndani zaidi, ukipunguza zinasimama juu juu, kuanzia nanomita chache hadi mia mbili hivi. Unachagua ghorofa ya kusimamia! Hicho ndicho kifaa ambacho laiti ningekipata wakati ule, na sikiombei tena kwa sababu vioo vyangu nimeshaviacha kwenye kabati la chuo.

Mashine za kutengeneza muoni ni chache duniani. Hiyo ya Villigen, ISIS ya Oxfordshire Uingereza, TRIUMF ya Vancouver Kanada, na J-PARC ya Tokai Japani ndizo zinazojulikana zaidi. Afrika hatuna. Ili upate pioni kwa wingi unahitaji protoni za mamia ya megaelektronivolti. Villigen ni 590, ISIS ni 800. Mtafiti huandika maombi, huhukumiwa na jopo, na akikubaliwa hupewa siku chache za mwale.

Miongoni mwa wanaoomba siku hizo ni watu wa superkondakta, vitu vinavyopitisha umeme pasipo ukinzani wowote vikipozwa. Nitapita haraka, ingawa hapo ndipo muoni zimefanya kazi kubwa kuliko zote. Superkondakta huufukuza uga wa sumaku, na pale unapopenya hupenya kwa nyuzi nyembamba zilizojipanga. Muoni zikisimama ovyo katikati ya nyuzi hizo, kila moja ikizunguka kwa kasi ya mahali pake, namna wimbi linavyofifia inatoa kina ambacho uga unaweza kuingia, na kutoka hapo unajua ni elektroni ngapi zimejiunga kwenye mkondo ule usio na ukinzani. Mwaka 1989 Yasutomo Uemura na wenzake walipanga vipimo hivyo vya oksidi za shaba wakaona kwamba wingi wa elektroni hizo na joto ambalo kitu kinaanza kuwa superkondakta vinapanda pamoja. Na mwaka 1998 ndani ya kampaundi ya strontiamu, rutheniamu na oksijeni, iliyopozwa hadi karibu nyuzi 272 chini ya sifuri, na sumaku zote za nje zimezimwa, muoni ziliona uga dhaifu unazuka wenyewe saa ileile umeme unapoanza kupita pasipo ukinzani. Kitu kinachofukuza sumaku kinazaa yake. Watu wangali wanabishana maana yake, na hakuna aliyefaulu kuisema muoni kuwa ni mwongo.

Sasa nije kwa mjomba wangu, maana yeye ndiye aliyenisukuma kuandika.

Mjomba ni sonara. Karakana yake ni chumba kimoja nyuma ya Usita wa Mui, ina dirisha dogo na feni isiyofanya kazi, na humo ndimo anamotengeneza zile pete za fedha zenye vigae vya sahani za kale ambazo watalii huzipenda. Juzi alikuja mama mmoja wa Langoni na mtali, ile bangili ya mguuni, wa marehemu mama yake. Alitaka kujua ni fedha tupu au imechanganywa. Mjomba akautia mkononi, akaupima uzito kwa kiganja, akaugonga, akausikiliza. Akasema, "Bibi, yuu ni fedha. Ya ndani siyajui mpaka niikwaruze kwa tupa." Yule mama akauchukua mtali wake, akaufunga kwenye leso, akasema wa mama haukwaruzwi, akatoka.

Alipoondoka nikamuuliza mjomba kwa nini asiamini uso wake. "Ndoo nikuonye," akasema, yaani njoo nikuonyeshe. Akatoa pete kuukuu kwenye kopo la vyakavu, nyeupe inang'aa. Akaipiga tupa ya pembe tatu upande wa ndani, mara mbili, mkwaruzo wa kina cha ukucha. Kisha akachovya kijiti cha kioo kwenye kichupa cha tindikali, akadondosha tone pale kwenye mkwaruzo. Likachemka. Povu la kijani likapanda, kijani kibichi kabisa, akalifuta na kitambaa kabla halijamfika kidole. Shaba. Akanieleza kwamba mafundi wa zamani wakichanganya fedha na shaba nyingi waliichoma pete motoni, wakaitia kwenye maji ya ndimu au ukwaju. Shaba ya juu hugeuka nyeusi, asidi huila, juu pakabaki fedha peke yake. Ngozi nyeupe, nyama nyekundu. Hata zile mashine za eksrei za mkononi wanazotumia wanunuzi wa dhahabu hudanganyika nayo, kwa sababu eksrei za fedha, kiloelektronivolti 22, haziwezi kutoka ndani ya metali isipokuwa zimezaliwa karibu sana na uso.

Hapo sikujizuia, nikamwambia kuna njia ya kuujua moyo wa mtali bila kuukwaruza. Muoni hasi.

Muoni hasi ikisimama ndani ya metali haikai baina ya atomu. Inatekwa na atomu moja, na kwa kuwa ina chaji ya elektroni na uzito mara 207, njia zake za kuzunguka kiini ziko karibu nacho mara mia mbili kuliko za elektroni. Inaanza juu, inashuka daraja baada ya daraja, na kila inaposhuka inatoa eksrei. Kila elementi ina daraja zake, kwa hiyo kila eksrei ina jina la mwenyewe. Na nguvu yake ni ya ajabu: ile inayotoka muoni inaposhuka daraja la mwisho ndani ya fedha ni kama megaelektronivolti 3.1, ndani ya shaba ni 1.5 hivi. Eksrei za nguvu hiyo hutoka hata katikati ya sarafu nene. Tena ukizidisha au kupunguza mbio za muoni unachagua zisimame kina gani: kwanza kwenye ngozi, kisha chini yake, kisha katikati. Tupa isiyoacha alama.

Mjomba alifikiri kidogo. "Mashine yenyewe bei gani?"

Nikamwambia ni jengo zima, linakula umeme wa mji.

"Basi tupa yangu isitupwe."

Sawa, lakini waliokuwa na jengo wameshafanya. ISIS wamepima sarafu za dhahabu za Kirumi, za enzi za Tiberius, Hadrian na Julian. Japani wamepima sarafu zao za kale za dhahabu. J-PARC mwaka 2021 walipelekewa mawe ya asteroidi Ryugu yaliyoletwa na chombo cha anga cha Hayabusa2, wakasoma kaboni, nitrojeni na oksijeni humo ndani bila kuyasaga, na mawe yenyewe ni madogo kuliko kokwa ya ubuyu. Na wale wa Villigen walitumia ukaribu uleule wa muoni na kiini kupima upana wa protoni: mwaka 2010, ndani ya hidrojeni yenye muoni hasi, walipata nusu-kipenyo cha femtomita 0.84 mahali vipimo vya elektroni vilikuwa vimesema 0.88. Ukaanza mzozo wa karibu miaka kumi. Vipimo vipya vya elektroni vya 2017 na 2019 vikaangukia upande wa muoni, na thamani rasmi sasa ni ile ndogo. Nilifundisha 0.88 kwa imani zote, na vitabu vya maktaba yetu bado vinaisema.

Tangu siku ile karakanani nimekuwa nikifikiria vitu vyetu. Miaka ya 1980 Mark Horton na wenzake walichimbua Shanga, kisiwani Pate, wakapata visarafu vya fedha, vidogo sana. Mwaka 2013 timu ya Chapurukha Kusimba na Sloan Williams ilipata kisiwani Manda, hapa ng'ambo ya maji, sarafu ya Kichina yenye tundu la mraba, ya mfalme Yongle aliyetawala kuanzia 1402 hadi 1424. Ningekubaliwa ombi moja tu la siku za mwale, ningevipeleka visarafu vya Shanga. Visarafu vilivyokaa ardhini mamia ya miaka ngozi yake imeshaliwa na chumvi, na kipimo chochote cha uso ni kipimo cha kutu. Ningependa kujua katikati kuna shaba kiasi gani, na kama kiasi kinabadilika kutoka sarafu hadi sarafu, maana hapo utajua mwenye kuzipiga alikuwa na fedha ya kutosha au alikuwa anainyoosha. Machimbo ilikotoka fedha yenyewe muoni haitayasema. Hiyo ni kazi ya vipimo vingine.

Mwenye makumbusho yeyote angeuliza swali ambalo mjomba aliniuliza pia siku ile: hiyo muoni ikishasimama, huenda wapi? Swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani. Ndani ya fedha, nyingi ya muoni hasi humezwa na kiini kabla hazijavunjika zenyewe, na kiini kikiimeza hupungukiwa protoni moja. Fedha inakuwa paladi. Kwa hiyo ndiyo, sarafu inabadilika. Tukaifanya hesabu nyuma ya risiti kwa ile sarafu ya kale, riale ya Maria Theresa, mjomba anayoiweka kwenye mtoto wa meza: gramu 28, fedha asilimia 83.3, ambayo ni atomu za fedha zaidi ya 1 yenye sifuri 23. Tuseme inapigwa na muoni 10,000 kila sekunde, usiku na mchana. Ni milioni 864 kwa siku, na hata zote zingemezwa, hakuna mizani duniani itakayoona. Kunabaki mionzi kidogo ambayo hupungua haraka, sarafu hupimwa, na haitolewi mpaka iwe salama kushikwa.

Mjomba hakuwa na wasiwasi wa mionzi. Alitaka kujua paladi inauzwaje. Nikamwambia ni ghali kuliko fedha, mara nyingi sana. Akaifunga riale kwenye karatasi ya gazeti, akanikabidhi, akasema safari ni juu yangu na faida tutagawana.